Maganda ya Zamani ya Risasi za Shotgun: Kuyatambua, Kuyasafisha na Kuyatunza Nyanda za Juu Kusini

Risasi za shotgun, bunduki inayopiga punje nyingi ziitwazo marisau, zilizopigwa Mufindi, Iringa, Njombe, Rungwe na Chunya kabla ya uhuru zilitoka mbali: Birmingham na London, Nürnberg, Praha, na miji ya viwanda ya Marekani. Zilikuja na wamisionari, walowezi wa mashamba ya chai na tumbaku, maofisa wa serikali za kikoloni, na wachimba dhahabu waliomiminika machimbo ya Lupa, Chunya, miaka ya 1920 na 1930. Kazi yake ilikuwa kanga, kwale, bata wa Usangu na nguruwe walioharibu mahindi. Zilipokwisha kupigwa, maganda yakabaki: mashambani, chini ya sakafu za mbao, ndani ya makopo ya kuwekea vifungo na misumari.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukusanya maganda hayo kwa utaratibu. Kinachokusanywa hapa ni ganda tupu pamoja na taarifa zake. Risasi nzima ya zamani si kitu cha kukaa nayo nyumbani, na kuipiga ni kujitafutia kilema. Tunaanza na hilo, kwa sababu anayekosea hapo hatapata nafasi ya kusoma yanayofuata.

Tupu au nzima?

Watu wengi hutazama fataki tu, kile kiduara kidogo cha katikati ya kitako, yaani upande wa chini wa ganda. Wakiona imebonyea husema risasi hii imeshapigwa. Si kweli kila mara. Risasi iliyogongwa ikakataa kulipuka nayo huwa imebonyea vilevile, na ndani bado ina baruti na marisau. Tazama vitu vitatu kwa pamoja. Fataki iwe imebonyea. Mdomo uwe wazi, uone ndani mpaka chini. Na uzito uwe wa ganda tupu: ganda la karatasi la geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) huwa karibu gramu 10, ilhali risasi nzima ya geji hiyo hiyo hukaribia gramu 45, kwa kuwa marisau peke yake ni gramu 30 hivi. Tofauti hiyo mkono unaihisi hata bila mzani. Ikiwa mdomo umefungwa, au umeziba kwa udongo usioweza kuona ndani, ihesabu kuwa nzima.

Ukishaihesabu kuwa nzima, usiivunje, usiikate kwa msumeno, usiitoboe, usiipashe moto, na usijaribu kuchokoa fataki. Fataki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa chumvi ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa, kukwaruzwa au kupata joto. Mwanzilishi wa kiwanda cha Eley, William Eley, aliuawa mwaka 1841 na mlipuko wa kemikali hiyo hiyo akiwa kazini kwake. Yeye alikuwa bingwa wa kazi hiyo, tena akiwa na vifaa vyake mezani.

Hatua za kuchukua ni hizi. Ukiikuta shambani, iache ilipo, weka alama ya kijiti kando yake, waondoe watoto, kisha mpe taarifa mtendaji wa kijiji au piga polisi kwa 112. Ukiikuta ndani ya nyumba, kwa mfano kwenye sanduku la marehemu, funga chumba na uende kituoni mikono mitupu ukaeleze. Usiibebe kwenye daladala, usiitie mfukoni, usimtume kijana wa bodaboda. Polisi wataamua namna ya kuifuata. Wakishaichukua, omba namba ya RB uitunze. Serikali hutangaza mara kwa mara kipindi cha kusalimisha silaha na risasi kwa hiari bila kushtakiwa, na kipindi hicho kikiwapo ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Umiliki wa silaha na risasi Tanzania unasimamiwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kukaa na risasi bila kibali ni kosa hata kama ilikuwa ya babu. Usijiambie kwamba ganda tupu haliwezi kukuletea swali. Kabla mkusanyo haujakua, nenda ofisi ya Mkuu wa Polisi wa wilaya yako, eleza unachofanya, onyesha picha na daftari, na uombe maelekezo kwa maandishi. Ukiishi karibu na Ruaha au Kitulo jambo hili lina uzito wa pekee: maganda ndani ya mkoba karibu na hifadhi huleta shaka ya ujangili papo hapo, na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuokota wala kuondoka na kitu chochote. Uwanja wa ndege wa Songwe nao usipite na ganda lolote kwenye begi, hata likiwa tupu kabisa. Mashine ya ukaguzi haijui umri wa kitu.

Kwa nini risasi kuukuu haipigwi

Swali hili huulizwa na wenye bunduki halali waliorithi pamoja na boksi la risasi za miaka ya 1950. Boksi ni zuri, karatasi haijachanika, kwa nini zitupwe?

Sababu ya kwanza ni unyevu. Mwili wa karatasi umeviringishwa tabaka kwa tabaka, ukanatishwa kwa gundi na kupakwa nta. Miaka inavyopita nta hupasuka, karatasi hunywa unyevu na kuvimba. Risasi iliyovimba huingia kwenye mtutu kwa kusukumwa, na hapo hapo mtu anakuwa ameshakosea. Ikipigwa, kitako hunyofoka na bomba la karatasi hubaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata inakutana na kizuizi.

Ya pili ni baruti na fataki. Baruti isiyo na moshi huoza polepole, hasa ikikaa kwenye joto la dari ya bati. Inaweza kusukuma kwa nguvu pungufu mpaka vizibo vinavyotenga baruti na marisau vikabakia katikati ya mtutu, au fataki ikachelewa, bunduki ikalipuka mpigaji akiwa ameshaanza kuifungua.

Ya tatu ni urefu, na hapa wengi huteleza. Urefu wa risasi ya shotgun hupimwa mdomo ukiwa umefunguka, yaani baada ya kupigwa. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chumba cha risasi cha inchi 2½, karibu milimita 65. Risasi ya milimita 70 iliyofungwa kwa mikunjo ya nyota, yaani mdomo uliokunjwa kuelekea katikati, ni fupi kabla ya kupigwa, kwa hiyo inaingia vizuri na bunduki inajifunga bila taabu. Ikilipuka, mdomo wake unafunguka ndani ya sehemu nyembamba ya mtutu, njia ya marisau inabanwa, na shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi ambacho mtutu ulijengewa. Kuingia si dalili ya kufaa.

Ya nne imeua na kulemaza watu nchi nyingi. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza mbele ya chumba na kukwama ndani ya mtutu, haionekani. Mpigaji anadhani hakuweka kitu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vya siku hizi hupaka geji 20 rangi ya njano. Risasi za zamani hazikufuata utaratibu huo kwa uhakika, na boksi la urithi mara nyingi lina mchanganyiko.

Ongeza na hili: bunduki za zamani zenye mitutu ya vipande vya chuma vilivyosokotwa na kuonyesha mawimbi zilijengwa kwa baruti nyeusi, na kuziwekea risasi zenye nguvu zaidi ni hatari nyingine juu ya hizo. Mwenye bunduki halali anunue risasi mpya zenye urefu unaolingana na chumba, kwa muuzaji mwenye leseni. Za zamani azikabidhi polisi.

Yalipo, na namna ya kuyaomba

Maeneo yenye mavuno ni yale yaliyokuwa na watu wa bunduki kwa muda mrefu: mashamba ya chai ya Mufindi, mashamba ya zamani ya walowezi kati ya Iringa na Sao Hill, misheni kongwe kama Rungwe iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na vijiji vya dhahabu vya Chunya. Kingo za mabwawa na malambo hutoa maganda ya kuwindia bata. Wanunuzi wa vyuma chakavu mjini nao waulizwe, maana vitako vya shaba huishia kwao. Hao huuza kwa kilo, na taarifa ya mahali huwa imeshapotea, kwa hiyo ganda la chakavu lina thamani ndogo kuliko lile lile likitoka mikononi mwa mwenyewe.

Kwa mzee usianze na neno risasi. Msalimie kwanza, "Kamwene" kama uko kwa Wahehe au Wabena, shikamoo popote pengine, kaa, eleza kwamba unaandika historia ya vitu vya zamani. Kisha uliza hivi: "Mzee, zamani hapa kuna mtu alikuwa anapiga kanga? Maganda yake yalikuwa yanatupwa wapi?" Utajibiwa mengi kuliko ukiuliza kama ana maganda. Mwambie wazi kwamba zenye kitu ndani huzichukui, na kwamba asikuletee.

Usichimbe Kalenga, Lugalo wala eneo lolote la kihistoria. Kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, na pale Lugalo, ambako jeshi la Mkwawa lilimshinda kamanda wa Kijerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, kila kitu kilichomo ardhini ni ushahidi ambao ukiondolewa umefutika. Tena maganda ya vita vile si ya shotgun. Ukiona ganda la shaba tupu lenye shingo iliyobanwa kuelekea mdomoni, hilo ni la bunduki ya kijeshi au rifle. La shotgun ni bomba lililonyooka kutoka kitakoni mpaka mdomoni.

Kupima na kusoma kitako

Pata kipimo cha taya kinachotumiwa na mafundi wa kuchonga vyuma, chenye kusoma sehemu ya kumi ya milimita. Rula ya shule haitoshi. Pima ukingo wa kitako, ule mdomo wa chini unaojitokeza, kwa sababu chuma hakivimbi kama karatasi. Geji 10 hutoa karibu milimita 23.6, geji 12 karibu 22.4, geji 16 karibu 20.6, geji 20 karibu 19.4, geji 28 karibu 17.4, na .410 karibu 13.6. Ukipata namba iliyo katikati, rudia mahali pengine pa ukingo, huenda umebonyea.

Namba ya geji huwachanganya wengi kwa kuwa inavyopungua ndivyo mtutu unavyokua. Geji 12 ni kipenyo cha tufe la madini ya risasi ambalo matufe 12 kama hilo hutimiza ratili moja. Kwa hesabu hiyo mtutu ni milimita 18.5 hivi. Geji 20 ni matufe 20 kwa ratili, kwa hiyo kila moja ni dogo zaidi. Ni .410 peke yake isiyofuata kanuni hii: hiyo ni inchi, sawa na milimita 10.4.

Urefu pima kutoka chini ya kitako mpaka mwisho wa mdomo, ukiinyoosha karatasi kwa kidole bila kuivuta. Utapata karibu 50, 65, 70 au 76. Likipungua milimita mbili au tatu, tazama kama mdomo umeungua au umetafunwa na panya.

Kitako kikiwa kimefifia, usikikwaruze. Zima taa, washa tochi ya simu, ishikilie pembeni kabisa usawa wa kitako, zungusha ganda polepole. Maandishi yaliyofutika kwa macho ya mchana hutoka yakitupa kivuli. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu yake na sugua penseli laini ikiwa imelala. Andika kila kitu kama kilivyo, pamoja na nukta na nyota, maana nukta moja inaweza kutofautisha kiwanda.

Majina ya kuanza nayo ni haya. ELEY yenye LONDON ni ya kampuni ya Eley Brothers kabla ya muungano wa viwanda vya Uingereza wa mwaka 1918. KYNOCH yenye BIRMINGHAM ni ya kiwanda alichokianzisha George Kynoch mwaka 1862. Yakionekana majina yote mawili, ELEY-KYNOCH, pamoja na herufi I.C.I., ganda halikutengenezwa kabla ya mwisho wa 1926, kwa kuwa kampuni ya I.C.I. ilizaliwa Desemba ya mwaka huo. NOBEL yenye GLASGOW nayo ni ya zamani. Za Kijerumani tafuta RWS, Utendoerffer, Geco na Rottweil. S&B ni Sellier & Bellot ya Praha. Za Marekani, U.M.C. peke yake ni ya kabla ya kuungana na Remington mwanzoni mwa miaka ya 1910. Zikisomeka REMINGTON UMC ni za baada ya hapo. Neno la nchi nalo lina tarehe yake: CZECHOSLOVAKIA haiwezi kuwa kabla ya 1918, wala WEST GERMANY kabla ya 1949.

Kitako chenye namba 12 na nyota tu, bila jina, kipo kingi. Usikilazimishe kiwe cha kiwanda fulani. Andika "hakina jina" na uendelee.

Kisha tazama mwili. Wauza bunduki wengi waliagiza maganda kiwandani wakajaza au wakajaziwa na kuchapishiwa jina lao, kwa hiyo jina la mwilini na la kitakoni huweza kutofautiana, na yote mawili ni sahihi. Rangi haitoshi kutaja kiwanda. Plastiki ni alama nzuri ya umri: Remington walianza kuuza maganda ya plastiki mwaka 1960, na kwingine yakafuata. Ganda la plastiki linaloelezwa kuwa la mjerumani wa kabla ya vita ya kwanza lina msimuliaji aliyekosea.

Mdomo unastahili dakika zako. Uweke chini ya kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa dirisha. Ganda lililofungwa kwa kuviringisha huonyesha ukingo uliojikunja kuelekea ndani, kama pindo la shuka, na mara nyingi mstari mweusi wa moto unapita juu ya pindo hilo. Risasi za namna hii zilifunikwa kwa kiduara cha karatasi ngumu kilichochapwa namba ya marisau, wakati mwingine na jina la baruti. Ganda lililofungwa kwa nyota huacha makunyanzi sita au manane yaliyolala kuelekea katikati, yanayohisika kwa ukucha hata baada ya miaka mingi. Kuviringisha ni kwa zamani zaidi. Nyota ilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukikuta makunyanzi ya nyota na pindo la kuviringisha kwenye ganda moja, au mwili uliopunguzwa urefu, ganda hilo lilijazwa tena na mtu wa hapa hapa. Usilitupe. Liandike hivyo, kwani linaonyesha jinsi risasi zilivyokuwa adimu kwa mtumiaji wa kawaida.

Ukipata kile kiduara cha karatasi, kumbuka kwamba namba ya marisau inategemea nchi. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, namba 6 ya Marekani ni karibu 2.8, ambayo kwa Mwingereza ni namba 5. Herufi SG ni marisau makubwa ya milimita 8.4, ya wanyama wakubwa kuliko ndege.

Mwisho, pitisha sumaku ndogo kwenye kitako. Shaba haivutwi. Ikivutwa, kitako ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, au kina kikombe cha chuma ndani. Likiwa na pini ya shaba inayotokea ubavuni karibu na kitako, umepata risasi ya pini, mtindo wa Lefaucheux wa Paris wa miaka ya 1830. Za namna hii ni adimu, na huwa hatari kuliko zote zikiwa nzima, kwa kuwa pini ikigongwa tu kwa kuanguka inaweza kulipua.

Andika kwanza, safisha baadaye

Udongo ulioshika kwenye ganda, kina ulipolitoa, na rangi ya ukungu ni taarifa. Ukiosha kabla ya kuandika, zimekwenda. Daftari moja gumu linatosha. Kila ganda lipewe namba, kisha geji, urefu, ukingo, maandishi ya kitako neno kwa neno, rangi ya mwili, aina ya mdomo, sumaku ndiyo au hapana, kijiji na kata, nani alitoa na kwa ruhusa ipi, tarehe. Piga picha tatu: kitako, ubavu, mdomo, rula ikiwa kando.

Kusafisha, kwa kiasi kidogo iwezekanavyo

Vaa glavu nyembamba za hospitali. Ndani ya ganda mna mabaki ya madini ya risasi na pengine zebaki, zote sumu. Usipulize ndani kwa mdomo. Fanya kazi juu ya gazeti, si kwenye meza ya chakula, kisha nawa kwa sabuni na uzoe vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Watoto na mama mjamzito wasiwe karibu. Unga mweupe unaouona kwenye marisau yaliyobaki ni madini ya risasi yaliyoliwa na hewa na asidi. Usiuguse kwa mkono mtupu.

Mwili wa karatasi haupati maji, spiriti wala mafuta ya taa. Tumia brashi laini ya rangi, upana wa sentimita moja, na piga kutoka kitakoni kuelekea mdomoni, si kinyume, ili usifungue tabaka za karatasi. Tope lililoganda lisubiri likauke kabisa, kisha libanduliwe kwa kijiti cha meno cha mbao.

Kitako cha shaba hapa kwetu huharibiwa na mapenzi. Mtu hukisugua kwa limau na majivu mpaka king'ae kama sufuria ya harusi, na maandishi yanaondoka pamoja na rangi ya uzee. Asidi ya limau hula zinki iliyo ndani ya shaba na kuacha mabaka ya waridi. Dawa za kung'arisha shaba za dukani nyingi zina amonia, na amonia hupasua shaba iliyoviringishwa kiwandani. Jeshi la Uingereza nchini India lilishuhudia maganda yakipasuka yenyewe majira ya mvua kwa sababu yalihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Kwa hiyo hata boksi lako lisikae jirani na banda la kuku au zizi. Kitako kipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi.

Kama ardhi imekula karatasi yote na kimebaki kitako peke yake, hicho kinaweza kuoshwa kwa maji ya betri yasiyo na asidi, yale yaliyosafishwa, ukibadilisha mara kadhaa mpaka yatoke meupe. Kikaushe kwa kitambaa, kisha kiache siku kadhaa mahali penye hewa. Ukungu wa kijani uliokolea na kushikamana ni wa kuacha, unalinda. Vidoa vya kijani hafifu vya unga vinavyorudi baada ya kupanguswa ni ugonjwa: kitenge kitako hicho na kikaushe sana kabla hakijaharibu vingine. Usipake nta ya nyuki wala mafuta. Nta hiyo ina asidi yake na hushika vumbi.

Kutunza: Tukuyu si Iringa

Iringa mjini kuna ukame wa kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka, na boksi lililofungwa vizuri linatosha. Tukuyu na Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Njombe na Mufindi kuna ukungu na baridi inayoleta umande ndani ya nyumba. Huko karatasi itaota ukungu msimu mmoja tu ukiliacha boksi chini ya kitanda kwenye sakafu ya sementi. Liweke juu, kwenye ukuta wa ndani usioguswa na mvua. Nunua kipima unyevu kidogo na ulenge kati ya asilimia 40 na 55. Chini ya 35 karatasi hukakamaa na nta kupasuka, kwa hiyo usikaushe kupita kiasi. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya vinafaa. Gramu 50 kwa boksi la lita 10 ni mwanzo mzuri, na uvibadilishe kila kipimo kinapopanda.

Boksi lenyewe lisiwe la mbao. Mbao za paini kutoka Sao Hill ni nzuri kwa kabati la nguo, lakini mbao mbichi hutoa mvuke wa asidi, na madini ya risasi huoza haraka ndani yake. Kadibodi ya kawaida nayo ina asidi. Chagua boksi la plastiki lenye alama ya namba 5 chini, lenye kifuniko kinachobana. Namba 3 achana nayo. Ndani tandika karatasi nyeupe laini isiyo na harufu, si gazeti, na si sponji la godoro ambalo huoza na kunata.

Wadudu ni tatizo lisilopewa uzito. Gundi na karatasi ni chakula cha mende na cha vile vidudu vya kijivu vya kwenye vitabu. Ganda jipya lisiingie kwenye mkusanyo moja kwa moja. Hakikisha tena ni tupu, lifunge kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Likitoka, usifungue mfuko mpaka lipate joto la chumba, saa 24 hivi. Ukifungua mapema umande utatua juu ya karatasi badala ya kutua nje ya mfuko.

Ukitaka kuonyesha maganda sebuleni, yaweke mbali na dirisha. Jua la nyanda za juu ni kali hata kukiwa na baridi, na rangi nyekundu hupauka kwanza. Badilisha yaliyo nje kila baada ya miezi michache.

Namba ya ganda usiiandike mwilini wala kuibandika kwa utepe wa kunata. Kata kipande cha karatasi nyeupe cha sentimita 2 kwa 5, andika namba kwa penseli, kiviringishe na kukitumbukiza mdomoni mwa ganda, ncha ikitokeza kidogo. Wino huchuja unyevu ukiingia, penseli haichuji. Nakala ya daftari ikae nyumba nyingine, pamoja na barua ya polisi na majina ya watu wa familia wanaojua boksi lina nini, ili siku likifunguliwa na mtu mwingine ajue maganda yote yamekaguliwa na ni matupu.